Je, wajua kwa nini katika futiboli ya Kimarekani kwotabaki (mwongoza mashambulizi) wa akiba akihama timu nzima hutikisika?

Septemba 2018, Dabo Swinney, kocha wa futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Clemson, alimpa namba ya kwotabaki kijana wa mwaka wa kwanza, Trevor Lawrence. Kelly Bryant, aliyeanza mechi zote nne za mwanzo wa msimu huo bila timu kupoteza hata moja, akawekwa benchi. Siku mbili baadaye akatangaza kuondoka. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, dhidi ya Syracuse, Lawrence akaumia kabla ya mapumziko. Aliyebaki kuokoa jahazi ni Chase Brice, ambaye mwanzoni mwa wiki alikuwa chaguo la tatu.

Mtu ambaye hachezi ataachaje pengo? Kwotabaki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza na kuamua aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja, na aliyeanza hutarajiwa kumaliza. Wa pili anaweza kusugua benchi msimu mzima bila kosa lolote.

Pengo lenyewe huonekana mazoezini. Kwotabaki wa kwanza hupewa sehemu kubwa ya mazoezi ya mashambulizi, wa pili hupata kinachobaki, na wa tatu mara nyingi huigiza mashambulizi ya wapinzani ili mabeki wa timu yake wajizoeze. Kwa hiyo wa pili akihama, anayepanda hajazoeana na wapokeaji, wala hajui vizuri kasi ya kila mmoja. Kocha naye huanza kumchunga wa kwanza asikimbie ovyo na mpira, maana nyuma yake hakuna mtu mzoefu. Na yule wa kwanza hana tena mtu anayempumulia kisogoni.

Brice alifanya makubwa siku ile. Clemson walikuwa nyuma 23–20, mpira ukiwa yadi 94 kutoka mstari wa kufungia. Katika jaribio la nne, la mwisho kabla ya kupoteza mpira, wakihitaji yadi 6 ili waendelee, alimrushia Tee Higgins pasi ya yadi 20, kisha yeye mwenyewe akakimbia yadi 17. Travis Etienne akamalizia zikiwa zimebaki sekunde 41. Clemson 27, Syracuse 23. Hawakupoteza mechi msimu ule na wakatwaa ubingwa, lakini pasi ile moja ingeanguka chini, huenda tungesimulia habari nyingine.

Bryant simlaumu hata kidogo. Mwaka huo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilileta kanuni mpya: aliyecheza mechi zisizozidi nne angeweza kuuokoa msimu huo usihesabiwe kati ya misimu minne aliyoruhusiwa kucheza. Alikuwa mwaka wa mwisho na ameshacheza nne kamili. Mechi ya tano, hata kwa dakika chache, ingemfungia mlango. Alihamia Missouri, akacheza huko 2019.

Msimu uleule, timu ya Chuo Kikuu cha Alabama ilionja upande wa pili. Jalen Hurts alinyang'anywa namba na Tua Tagovailoa lakini akabaki. Desemba 1, kwenye fainali ya ligi yao dhidi ya Georgia, Tua akaumia wakiwa nyuma 28–21. Hurts akaingia, wakashinda 35–28. Alihitimu, kisha akahamia Oklahoma.

Tangu 2021 kubaki kumekuwa kugumu zaidi, kwa sababu mwaka huo mchezaji aliruhusiwa kuhama, kwa safari moja, bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja. Ndiyo maana makocha wengi walianza kuchelewa kumtaja mshindi wa namba. Walipomtaja mapema, aliyeshindwa alikuwa na muda wa kutafuta chuo kingine na kuanza upya. Walipochelewa, wawili waliendelea kugawana mazoezi ambayo mmoja angeyahitaji yote, na wachezaji wenzao waliingia msimu bila kujua watamfuata nani.