"Acha nitoe hasira zangu": tunayoyaamini kuhusu hasira na yalivyo

"Usipozitoa zitakuua"

Hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Tunaiona hasira kama mvuke wa sufuria: funua kifuniko, itatoka iishe. Basi mtu anafoka, anabamiza mlango, anamrekodia mwenzake sauti ya dakika nne WhatsApp, kisha anasema, "Sasa nimepoa." Kilichochoka ni koo tu.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia wa Marekani, Brad Bushman, alichapisha jaribio la wanafunzi 600 wa chuo kikuu. Waliandika insha, wakarudishiwa zikiwa zimepondwa vibaya. Wengine wakapewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimfikiria aliyewaponda, wengine wakaupiga wakifikiria mazoezi, na kundi la tatu likakaa kimya. Waliompiga mbaya wao kwenye mfuko ndio waliobaki na hasira kali kuliko wote. Waliokaa kimya ndio waliolipiza kidogo zaidi.

Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 zenye watu zaidi ya 10,000. Hasira ilishushwa na kupumua polepole, kulegeza misuli, kutafakari, yoga. Kukimbia kulielekea kuipandisha, na ukifikiri kidogo inaeleweka: mwili wenye hasira tayari moyo unadunda, damu inachemka, na wewe unauongezea mbio.

Na hilo la kuua? Uchambuzi uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kuwa ndani ya saa 2 baada ya mtu kulipuka, uwezekano wa shambulio la moyo hupanda karibu mara 5. Kwa mwenye afya njema hatari bado ni ndogo, lakini mlipuko si dawa.

"Nikikasirika sijui ninachofanya"

Hapa sina huruma sana. Mchana mtu huyu kasimamishwa na askari wa barabarani, kaandikiwa faini anayoona ni ya uonevu. Kasema, "Sawa, afande." Kameza. Jioni chumvi imezidi kwenye mchuzi, sahani inaruka. Alijua wa kumrukia na wa kumnyenyekea. Hasira hupunguza busara, kweli, ila breki zilifanya kazi mchana kutwa. Kama nyumbani mtu anapigwa, hilo linahitaji msaada na ulinzi, na kuambiwa "mvumilie, ana hasira za karibu" ni kumwachia aendelee.

"Hasira ni mbaya"

Ukidhulumiwa mshahara wa miezi mitatu usikasirike, nitakushangaa. Waliosema hasira za mkizi furaha ya mvuvi walimwona samaki akiruka hadi ndani ya ngalawa. Kilichomponza ni kule kuruka. Angebaki majini na hasira zake, mvuvi angerudi mikono mitupu.

"Aliyenyamaza ameshasahau"

Au amenuna, anatafuna jambo lilelile wiki ya pili. Kinyongo ni hasira iliyowekwa akiba. Mwili ukishatulia, sema kilichokuuma, kwa aliyekuuma.

"Ni damu ya ukoo wetu"

Kiasi fulani hurithiwa. Kiasi kingine mtoto alikiona sebuleni.

Mimi mwenyewe bado najifunza. Juzi kwenye daladala ya Mbagala nilitoa noti ya elfu kumi, konda akasema chenji mbele. Vituo vinne, mbele haifiki. Nikahisi masikio yanapata moto, na mkono umekaba lile bomba la kiti kama shingo ya mtu. Dalili zangu nazijua. Nikatoa pumzi taratibu, ndefu kuliko niliyoingiza, mara sita hivi. Mama wa pembeni akanitazama kama mgonjwa. Ndipo nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Konda, chenji yangu bado."

Akanipa palepale, pungufu ya mia mbili. Nikaanza kuhesabu pumzi upya.