Meli iliyozama haivuji, kwa hiyo haina mafuta?
Wengi huamini meli iliyozama vitani ikikaa miaka 80 bila kuvuja, mafuta yake yalishaisha. Sivyo. Mafuta mazito huganda kwenye maji baridi na kubaki matangini, huku kutu ikila bati polepole. Mfano ni USS Mississinewa, meli ya mafuta ya jeshi la majini la Marekani, iliyozama Ulithi, Mikronesia, mwaka 1944. Mafuta yakaanza kumwagika kwa wingi 2001 baada ya dhoruba, na 2003 yakanyonywa.

Tathmini ya meli kama hiyo huanzia kwenye makabrasha, si majini: ilibeba mafuta kiasi gani, ilipigwa wapi, matangi yapi yalipasuka? Ndipo mzamiaji apime unene wa bati kwa mawimbi ya sauti, akishakwangua kome na kutu hadi chuma king'ae. Bila hivyo kipimo hudanganya. Aangalie ribiti na vali pia: huweza kuachia kabla ya bati.