Sindano ya VVU ya kila miezi miwili, mzigo wa kukumbuka unahamia kliniki

Kuna mama mmoja hapa CTC kwetu, kliniki ya wenye VVU, akichukua TLD, vidonge vyake vya VVU vya kila siku, anavimimina kwenye kifuko cha nailoni palepale dirishani, kopo analiacha, kwa sababu kopo likitikisika ndani ya mkoba anaona kila mtu kwenye daladala kashajua. Virusi vyake vimefubaa miaka mingi, dozi haruki, ila amechoka kujificha kwenye nyumba yake mwenyewe. Juzi kaniuliza, "Sista, ile sindano ya miezi miwili na sisi tutaipata lini?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mpaka nimeona niandike, maana hata wauguzi wenzangu wengine wanadhani ni kuchoma tu kama Depo ya uzazi wa mpango halafu basi.

Kwanza ni sindano mbili, kabotegraviri na rilpivirini, kila moja mililita 3, moja tako hili nyingine tako lile. Za mwanzo na zinazofuata zinaachana mwezi mmoja, baada ya hapo ni kila miezi miwili. Sasa mtu lazima ajifunue, kwahiyo unahitaji kitanda na pazia, wakati vyumba vingi vya CTC vimekaa kimeza na viti, vya kuongea na kugawa dawa. Halafu rilpivirini inakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, ikishatoka una masaa 6 uwe umeshaichoma. Wenzetu wa chanjo hii kazi wanaijua kuliko sisi, na mi naona tungeanzia kwao, tuwaulize umeme ukikatika huwa wanafanyaje.

Kwamba inafanya kazi hilo halina ubishi tena. Utafiti wa CARES ulichukua watu 512 Uganda, Kenya na Afrika Kusini ambao virusi vilikuwa vimefubaa kwa vidonge, nusu wakahamia sindano, na wiki ya 48 pande zote mbili karibu 97% walikuwa bado wako vizuri. Wengi wao zamani walishatumia nevirapini au efavirenzi, ndugu wa rilpivirini, na ndo hofu kubwa ilikuwa hapo, kwamba huenda virusi vyao vilishaizoea. Julai 2025 WHO wakaiweka kwenye mwongozo, kwa watu wazima na vijana balehe ambao virusi vimeshafubaa na hawana homa ya ini B. Hilo la ini msilipite haraka jamani, TLD inakandamiza na kirusi cha homa ya ini B bila mtu kujua, ukimhamisha bila kumpima kile kirusi kinaamka. Na TB pia, rifampisini, dawa ya TB, inashusha hizi dawa mwilini, kwahiyo mwenye TB anabaki kwenye vidonge.

Ila kinachonikosesha usingizi ni tarehe. Leo mteja aliyetulia anachukua dawa za miezi sita, namwona mara mbili kwa mwaka, akichelewa siku kumi mara nyingi bado ana akiba nyumbani. Kwenye sindano atakuja mara sita, na nafasi aliyonayo ni siku 7 kabla au siku 7 baada ya tarehe, basi. Akipotea dawa haiishi siku hiyo, inaendelea kupungua taratibu mwilini miezi mingi, mwaka na zaidi kwa wengine, kiwango kidogo ambacho hakikamati virusi ila kinatosha kuvifundisha usugu. Kwahiyo yule aliyekuwa anakumbuka kila siku saa mbili usiku, sasa sisi ndo tunakumbuka kwa niaba yake, na namba za simu tulizonazo nusu hazipatikani, na wengine msimu wa kilimo wanahamia shambani miezi mitatu. Pasipo mtu ambaye kazi yake ni kufungua daftari kila asubuhi na kupiga simu, mimi nisingeanza hata kama dawa imejaa friji.

Yule mama nilimweleza haya yote, akasikiliza mpaka mwisho akauliza, na akifiwa ghafla kijijini tarehe ikamkuta huko? Nikamwambia tunampa vidonge vya kumvusha mpaka arudi. "Kwahiyo bado nitavificha." Ndiyo mama, ila kwa hiyo safari tu. Akanyamaza kidogo, akasema jina lake niliandike liwe la kwanza kwenye orodha.