Vipele vya ndevu: tatizo ni unywele, si uchafu

Wengi wa wanaume wanaonijia kliniki na vipele vya ndevu wana kazi zisizoruhusu ndevu: walinzi, askari, wahudumu wa hoteli. Mtu ananyoa leo, kesho kidevu kinawaka moto, keshokutwa kimejaa vipele. Akidhani ni uchafu, ananyoa tena kwa wembe mpya na kumalizia na spiriti. "Inachoma, daktari, lakini si inaua wadudu?"

Wadudu hawamo. Kilichomo ni unywele wake mwenyewe.

Nywele zetu za kipilipili hazijikunji tu zikishatoka nje. Hata kishimo zinamoota kimepinda. Wembe ukiukata unywele kwa mshazari, unauachia ncha kali kama ya sindano. Unaporefuka unajikunja na kuichoma ngozi milimita moja au mbili tu kutoka ulipochomozea. Ipo njia ya pili, na hiyo ni mbaya zaidi. Ukivuta ngozi kwa vidole ili unyoe mpaka iteleze, unywele unakatwa chini ya usawa wa ngozi. Ukiiachia, unazama, na ukianza kukua unatoboa ukuta wa kishimo chake kabla hata haujatoka nje. Kwa vyovyote vile, mwili unauona kama mwiba na kuanza kupambana nao, na ndipo unapopata uvimbe, muwasho na hata usaha. Ndiyo maana mtu anameza antibayotiki dozi baada ya dozi na vipele viko palepale.

Nchini Marekani, ambako jeshi limehangaika na suala hili kwa miongo mingi, takwimu zinazonukuliwa sana zinasema kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wana vipele hivi. Wazungu wenye nywele zilizonyooka huvipata kwa nadra.

Tiba kubwa haiuzwi dukani: acha kunyoa kwa wiki nne, au hata miezi mitatu kwa aliyeathirika sana. Nakuonya mapema kwamba wiki mbili za mwanzo hali inaweza kuzidi, kwa sababu nywele zilizokatwa zinaendelea kujichoma ndani. Wengi wanakata tamaa hapohapo na kurudia wembe. Vumilia. Unywele ukikaribia sentimita moja, unajifyatua wenyewe kama springi. Ukiuona umejikunja juu ya ngozi, uinue ncha taratibu kwa sindano safi, lakini usiung'oe, maana utaota upya ukiwa ndani.

Kama bosi hataki ndevu, omba barua kwa daktari. Mimi huziandika kila mara, na naziona kuwa ni dawa kama dawa nyingine. Baadaye tumia mashine inayoacha ndevu fupi za nusu milimita hadi milimita moja, na mwambie kinyozi asiikandamize. Kama ni lazima wembe, lainisha ndevu kwa maji ya uvuguvugu na povu, fuata zinakoelekea, usivute ngozi wala usirudie mahali pamoja. Chagua wembe wa kisu kimoja. Ule wa visu vitatu au vinne, kisu cha kwanza kinauvuta unywele na kinachofuata kinaukata chini ya ngozi; tangazo linausifia jambo lilelile linalowaleta watu kliniki. Na usiazimane wembe na mtu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi.

Dawa za kupaka zipo. Tretinoini ya usiku na benzoili peroksaidi husaidia (hii ya pili hubabua rangi ya taulo na mito, usije ukanilaumu), na hidrokotisoni ya asilimia 1 hutuliza muwasho kwa siku chache. Ninachokiogopa ni mirija ya betamethazoni na klobetasoli, yaani krimu kali za steroidi, inayouzwa kama pipi. Wiki ya kwanza uso unatulia, mgonjwa anafurahi. Baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba, imepauka na imeota chunusi. Mkorogo wa kufutia madoa meusi ni balaa jingine. Madoa hayo hufifia yenyewe kwa miezi kadhaa, mradi vipele vipya visitokee.

Krimu za kuyeyusha nywele zinawafaa baadhi ya watu, ila zinaunguza: jaribu kwanza mkononi, na usizitumie kila siku. Mionzi ya leza inapunguza nywele zenyewe, lakini kwa ngozi nyeusi uliza kama mashine yao ni ya Nd:YAG yenye nanomita 1064. Nyingine zinaweza kukuachia majeraha.

Kina mama nao hupata vipele hivi kinenani na kwapani, na maelezo ni yaleyale. Lakini mwanamke anayeota ndevu nene kidevuni huku siku zake zikivurugika apimwe homoni kwanza.

Vipele vya kisogoni ni habari nyingine. Hivyo huendelea hata ukiacha kunyoa, na huungana kuwa kovu gumu lisiloota nywele. Hospitali nyingi za mikoa zina kliniki ya ngozi. Nenda navyo vingali saizi ya punje ya mtama, kwa sababu vikishafika saizi ya karanga tutaanza kuzungumzia sindano ndani ya kovu, na pengine upasuaji.