Gereza la Kilwa si jela

Mashua inapovuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo la kwanza kumkabili msafiri ni lile la mawe ya matumbawe lililosimama ukingoni mwa maji, na aghalabu hapo ndipo mmoja wa waliomo chomboni hunyoosha kidole na kuwaambia wenzake kwamba lile ndilo gereza, yaani jela, lililojengwa kwa ajili ya kufungia watu, wakiwamo watumwa. Maelezo hayo nimeyasikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wanaokipenda kisiwa kile kwa dhati, hivyo nimeona heri niyaandikie.

Gereza, katika Kiswahili cha leo, ni mahali pa kuwaweka waliohukumiwa kifungo. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, gereza ni ngome ya kulinda bandari, na jina la jengo la Kilwa limebeba maana hiyo ya zamani.

Neno lenyewe lilianza mbali na vita na vifungo pia, kwani limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wenyeji wa pwani waliiacha irabu ya mwanzo, wakatia irabu katikati ya g na r ili neno litamkike Kiswahili, na ile j ya Kireno, ambayo haimo katika sauti zetu, ikawa z. Neno hilohilo lilisafiri pia hadi Malaka, bandari iliyoko Malesia ya leo, ambako Wareno waliingia mwaka 1511, na mpaka leo gereja kwa Kimalei na Kiindonesia ni kanisa. Wahindi nao husema girja kwa maana hiyohiyo. Ni sisi tulioligeuza, na si ajabu, kwa sababu pwani ya Afrika Mashariki kanisa la Wareno lilikuwa jirani wa mizinga yao. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kulikuwa na kanisa. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani, baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palepale palipokuwa na kanisa. Inaelekea jina la kanisa liliuenea ua mzima wa kuta, na Wareno walipoondoka, kuta zikabaki nalo.

Kifungo kilikuja mwisho. Ngome isiyo na vita ina kuta nene, mlango mmoja na walinzi, kwa hiyo watawala waliofuata waliiona inafaa kwa wafungwa: Fort Jesus ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilifungia watu hadi 1984. Neno likafuata kazi mpya ya majengo.

Kilwa, kiongozi wa Wareno Francisco de Almeida aliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome aliyoiita Santiago, ambayo Wareno waliihama mwaka 1512. Sehemu kubwa ya Gereza tunaloliona sasa ni kazi ya Waomani, yapata mwaka 1800, juu ya mabaki ya Wareno. Lilijengwa likiitazama bahari, upande ambao adui angetokea.

Biashara ya watumwa ilikuwapo Kilwa, tena kwa ukatili mkubwa; mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka. Historia hiyo inastahili kusimuliwa kwa ushahidi wake yenyewe, wala isitegemee jina la jengo. Anayewaongoza wageni hana haja ya kulibadilisha jina hilo, kwani ni letu na ni la kale. Atakapolitaja, aongeze tu maneno mawili: Gereza, yaani ngome.