Hakuna siku Kilatini kilipokufa

Nafundisha Kilatini, na kila darasa jipya huniletea swali lile lile: "Mwalimu, lugha hii ilikufa lini?" Wengine huja na jibu kabisa: mwaka 476, dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka. Hapo huwa naweka chaki chini.

Mwaka 476 kamanda wa kijeshi Odoacer alimng'oa mfalme wa Roma ya magharibi, Romulus Augustulus. Wakulima wa Gallia (Ufaransa ya leo) na Hispania hawakubadili hata neno moja kwa sababu hiyo. Walisema kama wazazi wao, watoto wao wakasema kama wao, tofauti kidogo tu, karne baada ya karne. Walimu walikuwa wakilalamika, bila shaka. Kuna orodha ya makosa iitwayo Appendix Probi inayoonya: sema auris, usiseme oricla. Nani alishinda? Sikio kwa Kiitaliano ni orecchio, kwa Kifaransa oreille, kwa Kihispania oreja. Kwa hiyo anayeniambia Kiitaliano ni "Kilatini kilichoharibika" anarudia manung'uniko ya mwalimu aliyekwisha kushindwa zamani.

Watu walichelewa hata kugundua kwamba lugha yao si Kilatini tena. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours, Ufaransa, waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya watu ili waumini waelewe. Mwaka 842 wajukuu wa Charlemagne, mfalme mkuu wa Wafranki, waliapishana Strasbourg, na kiapo kimojawapo kiliandikwa kwa lugha ambayo si Kilatini tena, wala bado si Kifaransa unachokijua.

Ukitaka lugha iliyokufa kweli, tazama Kietruski, lugha ya majirani wa Roma ya kale: wenyewe walihamia Kilatini, na hakikuacha mtoto. Au Kidalmatia, binti wa Kilatini huyo huyo. Msemaji wake wa mwisho anayejulikana, Tuone Udaina wa kisiwa cha Krk, Kroatia, alifariki mwaka 1898. Tunapokiita Kilatini lugha mfu, maana yake ni kwamba hakuna mtoto anayelelewa kwa Kilatini cha Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale. Basi.

Kisha huja madai mengine. "Kiingereza kimetokana na Kilatini." La. Kiingereza ni ndugu wa Kiholanzi na Kijerumani. Maneno mengi ya asili ya Kilatini kiliyapata kwa mkopo, hasa kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kiswahili nacho kimekopa Kiarabu tele na bado ni Kibantu.

"Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikifuta Kilatini kanisani." Someni hati ya mkutano huo mkuu wa Kanisa Katoliki kuhusu liturujia, yaani taratibu za ibada, ya 1963 kabla ya kubishana nami: inaruhusu lugha za wenyeji, na inaagiza Kilatini kihifadhiwe. Papa Benedikto XVI alipotangaza kwamba anajiuzulu, Februari 2013, alizungumza Kilatini.

"Hakina kazi nje ya kanisa." Hadi mwisho wa 2011, aliyegundua mmea mpya alilazimika kuueleza kwa Kilatini ndipo jina la mmea huo litambuliwe.

Na tafadhali, anayeanza kujifunza asikimbilie kukariri majedwali ya maumbo ya maneno. Achukue sentensi fupi, aisome kwa sauti, tena na tena. Majedwali yatafuata.