Je, wajua kwa nini diski ya H hupotea ofisini asubuhi?

Mhasibu anawasha kompyuta, anaandika nywila, anabofya diski ya H ambako faili za mishahara hukaa, na badala ya mishahara anakuta picha za harusi ya mdogo wake. Anashika simu, sauti inatetemeka: "Kaka, njoo haraka, seva imefutwa!"

Seva haikuwa imefutwa. Fundi aliyepigiwa simu ile nilikuwa mimi, na enzi hizo kompyuta za ofisi hiyo zilikuwa bado zinatumia Windows XP. Nilifika, nikachomoa flashi iliyosahauliwa nyuma ya mashine, nikawasha upya, H ikarudi na mishahara yake. Nikajiona bingwa. Siku mbili baadaye dada yule akapiga tena, safari hii na lalamiko jingine kabisa: mishahara ipo, ila flashi haisomi. Akiichomeka, kompyuta inalia kama kawaida na taa ya flashi inawaka, lakini kwenye orodha ya diski haionekani. Ilinichukua muda kukubali kwamba malalamiko yale mawili yalikuwa ugonjwa mmoja.

Tuanze na herufi yenyewe. Herufi ya diski si diski, ni jina la kuitia tu. H ya mhasibu ilikuwa ufupisho wa folda iliyo kwenye seva, ambayo anwani yake kamili ni \\seva1\hesabu. Kuunganisha diski ya mtandao maana yake ni kuiambia Windows: kuanzia sasa nikisema H, nenda pale. Faili hazihami, hazinakiliwi, na ukiifuta H hakuna kinachofutwa kwenye seva. Nimeona watu wazima wakikataa kuguswa H yao kana kwamba nimekuja na moto.

Mtindo huu wa herufi ni mzee kuliko Windows. Ulikuwepo kwenye CP/M, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa Gary Kildall wa miaka ya 1970, ukarithiwa na kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981. A na B zilikuwa za disketi. IBM ilipotoa PC XT mwaka 1983, ikiwa na diski kuu ya megabaiti 10, diski ile ilikuta viti viwili vimeshakaliwa, ikachukua C, na hapo imekaa hadi leo ingawa disketi zenyewe zimeshaondoka. Mitandao ilipoingia maofisini, DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows, kwa kawaida ilitenga herufi hadi E tu kwa ajili ya diski za mashine, ndiyo maana seva za Novell NetWare zilianzia F.

Herufi ni 26 na haziongezeki. Vifaa vya kwenye mashine huzichukua kuanzia mwanzo: C, D, E, kwenda mbele. Kidirisha cha Windows cha kuunganisha diski ya mtandao chenyewe huanza kukupendekezea Z, halafu Y, kurudi nyuma. Kwa hiyo misafara miwili inatembea kwenye barabara moja kutoka ncha mbili, na kama tungeiacha hivyo ingekutana kwa nadra sana. Wanaoharibu ni sisi mafundi, kwa sababu tunapenda herufi zenye maana. H ya Hesabu, M ya Mauzo. Kwenye kompyuta ya mhasibu, diski kuu ilikuwa imegawanywa ikawa C na D, kisomeo cha CD kikachukua E, na kisomeo cha kadi za kumbukumbu chenye matundu mawili kikachukua F na G, matundu yenyewe yakiwa matupu mwaka mzima. Flashi ikichomekwa, herufi inayofuata ni ipi?

Lakini H si tayari ilikuwa na mwenyewe? Hapa ndipo penye utamu.

Windows haiandiki herufi zote kwenye daftari moja. Lipo daftari la mashine nzima, ambamo diski kuu, visomeo na flashi huandikwa hata kabla mtu yeyote hajaingia. Halafu kila mtumiaji anapoingia kwa nywila yake hufunguliwa daftari lake binafsi, na diski za mtandao anazounganisha zinaandikwa humo. Ukisema "H", Windows hutazama kwanza daftari lako. Isipokuta kitu, ndipo hufungua la mashine.

Sasa rudi kwa mhasibu. Siku aliyoiacha flashi imechomekwa usiku kucha, mashine ilipowaka iliipa flashi H kwenye daftari la mashine kabla yeye hajafika ofisini. Alipoingia, skripti ya kuunganisha diski, yaani orodha ya amri zinazojiendesha mtu anapoingia, ikaomba H na kukataliwa kwa kosa namba 85, maana yake jina hilo linatumika tayari. Skripti kama hizo huendeshwa kimyakimya, kwa hiyo ujumbe ulipita bila mtu kuuona, zikabaki picha za harusi. Siku aliyochomeka flashi baada ya kuingia, H ya seva ilikuwa imeshaandikwa kwenye daftari lake binafsi. Anayegawa herufi za vifaa kwenye XP hasomi madaftari ya watu; aliangalia la mashine, akaona H iko wazi, akampa flashi. Flashi ilikuwepo, nzima kabisa, imesimama nyuma ya folda ya mishahara kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Kisa cha kwanza utakikuta hata kwenye Windows za leo.

Njia ya kuona haya kwa macho ni kufungua dirisha la amri na kuandika net use. Utapata orodha inayofanana na hii:

OK                  H:   \\seva1\hesabu
Disconnected        M:   \\seva1\mauzo
Unavailable         P:   \\seva-kuukuu\picha
OK                       \\seva1\IPC$

Mstari wa kwanza ni mzima. Wa pili, wenye alama nyekundu ya mkasi kwenye orodha ya diski, huwatia watu hofu bure: seva ya Windows kwa kawaida hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kutumika, na ukibofya unarudi. Alama hiyo hiyo hutokea pia asubuhi kwenye kompyuta mpakato, pale mtumiaji anapoingia kabla Wi-Fi haijashika. Subiri kidogo, bofya, endelea na kazi.

Mstari wa tatu ni habari nyingine. Ile \\seva-kuukuu ilizimwa zamani, lakini wakati wa kuunganisha mtu aliweka tiki ya kukumbuka muunganisho, na Windows hukumbuka kweli. Kumbukumbu hizo zimo kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, mahali paitwapo HKEY_CURRENT_USER\Network, kila herufi na folda yake. Ukijaribu kuielekeza P kwenye seva mpya unaweza kuambiwa kosa namba 1202, kwamba herufi hiyo ina kumbukumbu ya mahali pengine. Ni kama kupanga kwenye chumba ambacho aliyehama hakurudisha ufunguo. Andika net use P: /delete, kisha unganisha upya. Si lazima uguse rejista kwa mkono, na kama si kazi yako ya kila siku, usiiguse.

Mstari wa nne ndio ninaoupenda, kwa kuwa hauna herufi kabisa na bado ndiyo chanzo cha ugomvi unaowachosha mafundi wengi: kosa namba 1219. Linatokea hivi. Mtu yumo kwenye seva1 kwa akaunti yake ya kawaida. Anahitaji folda nyingine kwenye seva ile ile, tuseme ile inayopokea nyaraka kutoka kwenye skana, na folda hiyo hufunguka kwa akaunti ya pekee. Anaweka jina na nywila sahihi kabisa, Windows inakataa. Anarudia mara tano, anahisi nywila imebadilishwa, anamlaumu mtu wa IT.

Nywila haina kosa. Windows hairuhusu mtumiaji mmoja kuwa na majina mawili kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Ukishajitambulisha mlangoni kama fulani, huwezi kugeuka mwingine ukiwa umo ndani, toka kwanza. Na kinachowapotosha watu ni kwamba wanafuta herufi zote za diski, hazionekani tena, na kosa linabaki pale pale. Ule muunganisho wa IPC$, ambao Windows huutumia kuzungumza na seva, bado uko wazi kwa jina la zamani. Uufute kwa net use \\seva1\IPC$ /delete, na uangalie pia hazina ya nywila za Windows kwa amri ya cmdkey /list, maana nywila ya zamani iliyohifadhiwa humo itakurudisha ulikotoka.

Upo ujanja ambao kila fundi anaujua: badala ya \\seva1, andika namba ya IP ya seva hiyo hiyo, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Windows huiona kama seva nyingine na mlango unafunguka. Nimeutumia, sikatai, ila kila nilipoutumia nilijitengenezea kazi ya kesho, kwa sababu siku namba hiyo ikibadilishwa hakuna atakayekumbuka nani aliunganishwa kwayo. Ni heri akaunti ya mtumiaji mwenyewe ipewe ruhusa kwenye folda ya pili, ibaki akaunti moja.

Tukirudi kwenye madaftari, kuna mkanganyiko mmoja ambao kwa nje hauonekani kuwa wa familia hii. Tangu Windows Vista, mtu mwenye mamlaka ya usimamizi akiingia anapewa utambulisho wa aina mbili, wa kawaida na wa msimamizi, na kila mmoja una daftari lake. Kwa hiyo programu ya hesabu ukiifungua kawaida inaiona H. Ukiifungua kama msimamizi ili usakinishe toleo jipya, inalalamika kwamba H haipo. Ipo, ila imeandikwa kwenye daftari la pili. Kuna kigezo cha rejista kiitwacho EnableLinkedConnections kinachoyaunganisha madaftari hayo. Mimi kwa kawaida naipa programu anwani kamili, \\seva1\hesabu, na mjadala unaishia hapo. Kazi zinazopangwa kujiendesha usiku, kama kunakili nakala za akiba, huanguka kwa sababu inayofanana: zinaendeshwa kwa akaunti ambayo haikuwahi kuunganisha H.

Wakati mwingine kompyuta hazina kosa lolote. Meneja anaandika ujumbe: "Ripoti iko H, folda ya Mei." Kwake H ni \\seva1\hesabu, kwa kijana wa mauzo H ni folda aliyojiunganishia mwenyewe. Kijana anafungua, anakuta folda ya Mei kweli, ila ya mwaka juzi, na anatuma takwimu hizo kwa mteja. Hakuna ujumbe wowote wa kosa kwenye skrini. Ofisi yenye seva zaidi ya moja inapaswa kuandika anwani kamili kwenye barua pepe, hata kama inachosha vidole, au herufi zigawiwe na seva yenyewe zikiwa sawa kwa kila mtu.

Kwa diski za pamoja siku hizi natumia herufi za mwishoni, kuanzia S kwenda mbele, hata kama S haina maana yoyote kwa mtu wa Hesabu. Ila kwenye ofisi ile H ilikuwa imeshazoeleka na imeandikwa ndani ya njia za mkato za kila mtu, kwa hiyo aliyehama alikuwa flashi. Nilifungua diskmgmt.msc, dirisha la Windows la kusimamia diski, nikabofya flashi kwa kitufe cha kulia, nikabadilisha herufi yake kuwa T. Kompyuta huikumbuka flashi hiyo kwa herufi hiyo kila inaporudi. Kisomeo cha kadi nacho nikakihamishia V na W kikae huko na matundu yake matupu.

Mhasibu alikuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote. Nilipomaliza akainama, akabofya T, zikatokea picha. Akabofya H, ikatokea mishahara. Akarudia mara ya pili.

"Kwa hiyo picha zangu sasa ziko T," akasema. "Nikienda nazo kwa mama, kwenye kompyuta yake zitakuwa T pia?"

"Hapana dada. Kule itakuwa herufi yoyote itakayokuwa wazi."

Akaichomoa flashi, akaitia kwenye pochi, na kuanzia siku hiyo haikulala tena ofisini.